HISTORIA YA CHUNGU CHETU



Habari za hisa, mikopo na kuvunja mfuko zimeelezwa kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Ukurasa huu ni wa chungu. Tulipoanza mwaka 2015, tukiwa wanawake 25 wenye hisa ya shilingi 1,000, kila tulipouliza fedha ya mkopo imekwenda wapi, jibu lilikuwa lile lile: tumboni. Unga, mafuta, mboga. Hata aliyekopa kwa biashara, kipande kililiwa. Tukaona kwamba mama asiyejua hesabu ya chungu chake hawezi kuweka akiba, hata kisanduku kiwe na kufuli tatu. Ndiyo maana tunaandika historia hii, tangu kwa bibi zetu hadi leo.

KWA BIBI ZETU, SHINYANGA

Wengi wetu hapa Katoro asili yetu ni Shinyanga: Kishapu, Kahama, na Maswa ambayo tangu mwaka 2012 iko mkoa wa Simiyu. Wazee wetu walihamia huku Geita kwa wingi kuanzia miaka ya 1940 na 1950. Kule ardhi ilikuwa imechoka na mifugo imejaa, na huku mapori ya mbung'o yalikuwa yanafyekwa. Walikuja na jembe, ng'ombe, mbegu ya pamba, na namna yao ya kula.

Shinyanga ni nchi kavu. Mvua zikikatika mwezi wa Mei, jua linawaka mpaka Oktoba au Novemba. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa na jiko la masika na jiko la kiangazi. Masika walikula kibichi: majani ya kunde, mgagani, mlenda, maboga. Lakini huku wanakula, huku wanaanika. Majani ya kunde na mgagani yakawa nsansa. Viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, na vile vilivyochemshwa kwanza vikawa matobolwa. Mtama na uwele viliingia kwenye vihenge. Karanga, choroko na njugu mawe zilikuwa na vyungu vyake. Kulikuwa na maziwa ya mgando na samli, ukwaju na ubuyu, na samaki wakavu kutoka ziwani. Dukani walikwenda kwa chumvi.

Mwaka 2023 serikali ilitoa mwongozo wa chakula unaotaja makundi sita: nafaka na mizizi, mikunde na karanga, vyakula vinavyotokana na wanyama, mboga, matunda, na mafuta. Tuliyasoma makundi hayo kwenye mkutano, tukaanza kuhesabu kwa vidole. Ugali wa mtama, moja. Nsansa iliyoungwa kwa karanga, hapo tayari mbili zaidi. Maziwa ya mgando, nne. Ubuyu, tano. Samli, sita. Jamani! Bibi asiyejua kusoma alikuwa ameyatimiza yote bila kutoa senti.

Tusiwasifu kupita kiasi. Njaa ilikuwapo, na watoto walikufa. Miiko nayo ilikuwapo: mjamzito alikatazwa mayai, akiambiwa mtoto atazaliwa hana nywele. Nyama nzuri ilikuwa ya baba. Hayo hatuyataki yarudi. Tunachotaka kirudi ni ile akili ya kuweka cha masika kwa ajili ya kiangazi.

MIAKA YA NJAA NA FOLENI

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Watu wa Shinyanga walihamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika, wakapangwa vijijini. Mashamba ya wengine yakawa mbali. Ukame ulikuwa umepiga, na serikali ilinunua nafaka nje ya nchi. Ndipo likatoka tangazo la Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1975 kukawa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakisikiliza, kisha wakijadili. Taasisi ya Chakula na Lishe nayo ilianzishwa mwaka huo wa 1973. Kwa hiyo mtu asiseme habari za lishe ni mambo ya juzi. Wakubwa miongoni mwetu tulizisikia mgongoni mwa mama zetu.

Baada ya Vita vya Kagera, tangu mwaka 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa njano tuliouita yanga. Tulikuwa wasichana wa shule ya msingi, na tunaikumbuka vizuri. Aliyekuwa na michembe na nsansa ndani hakulala njaa, hata kama chai ilinywewa bila sukari.

Muhogo nao uliokoa wengi, ila una masharti. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoa wa Mara, watu walipooza miguu ghafla, wengi wao watoto na akina mama. Wataalamu walikuta kwamba ni muhogo mchungu uliotayarishwa haraka kwa sababu ya njaa, na ulioliwa bila maharage, samaki wala maziwa ya kusaidia mwili kuitoa sumu. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Basi udaga usifupishiwe siku zake za kuvundikwa na kuanikwa, hata wageni wakiwa mlangoni.

Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mbung'o na pamba, nchi ikabaki uchi. Mpango ule haukuleta jambo geni. Uliwaambia watu warudie ngitili, yale malisho ya Kisukuma yanayofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti ipumzike. Ngitili ziliporudi, zilirudi na kuni, uyoga, mboga za porini, matunda na asali. Hilo tulishike: kitu cha zamani kilichodharauliwa kiliponya mkoa.

DHAHABU ILIPOINGIA JIKONI

Geita ilikuwa na mgodi tangu enzi za mkoloni, ukafungwa mwaka 1966. Baadaye wachimbaji wadogo walijaa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 2,977,608. Watu wote hao wanataka kula, na wengi wao hawalimi. Vijana wako kwenye maduara. Akina mama wako kwenye mialo, wanaponda mawe tangu alfajiri, au wanapika mama ntilie.

Fedha ilikuja, tusikatae. Lakini ilikuja na desturi yake. Siku ya mavuno ya dhahabu ni wali nyama, chipsi mayai na soda. Siku ya kukosa ni ugali na maji ya maharage. Mtoto anaachiwa uji mtupu na dada yake wa miaka tisa. Michembe ikaitwa chakula cha njaa, nsansa ikaitwa mboga ya bibi. Wengine walikuwa wakiificha mgeni akibisha hodi.

Matokeo yako kwenye hesabu za serikali. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Hapa Geita ni karibu 39. Mkoa wa dhahabu! Na udumavu hauonekani kwa macho. Mtoto anaweza kuwa na mashavu ya uji, lakini ukimpima kimo kwa umri wake amebaki nyuma, na akili darasani inabaki nyuma vile vile. Miaka miwili ya kwanza ikishapita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Hii ndiyo hasara ambayo hakuna mkopo wa kuilipa.

TULIVYOFANYA SISI

Tulipotaka kuingiza habari za chakula kwenye kikundi, tulibishana. Wengine walisema chama ni cha fedha, mambo ya sufuria kila mtu na kwake. Wenzetu wa mama ntilie walisema mteja anataka chipsi, hataki nsansa, na mwalo hausubiri. Walikuwa na haki ya kusema. Mwisho tulikubaliana kuanza na lile ambalo kila mmoja aliliona: gunia.

Kwanza, kununua pamoja. Mwezi wa Juni na Julai mkulima anauza kwa bei ya kutupa, mwezi wa Januari anayanunua yale yale kwa bei ya kuumiza. Tukatenga fungu, tukanunua mahindi, maharage na karanga wakati wa mavuno, tukahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mwanachama anachukua kwa debe na kulipa kidogo kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, bei ya mahindi, mchele na maharage ilipopanda nchi nzima, ndipo waliobisha walipokuja na madebe yao. Tuliwapimia, hatukuwasema.

Kabla ya kufunga gunia tunakausha vizuri, tunachambua. Karanga iliyosinyaa au yenye ukungu haipondwi, hata kwa kisingizio cha kumpa kuku. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Pili, kuanika. Tumerudia nsansa, ila kwa njia bora: majani yanaoshwa, yanachovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha yanaanikwa kivulini penye upepo. Jua kali linaua vitamini. Viazi tumeongeza vile vya rangi ya machungwa, viazi lishe, vyenye vitamini A. Marando yake yalisambazwa Kanda ya Ziwa na mradi wa Marando Bora kati ya mwaka 2009 na 2012, nasi tuliyapata baadaye kwa kupeana jirani kwa jirani.

Tatu, dagaa. Sangara anakwenda viwandani, sato ana bei yake, lakini dagaa bado yuko karibu na mfuko wetu, na analiwa mzima na mifupa yake. Mchambue, mpepete mchanga utoke, muoshe, mkaange bila mafuta mpaka akauke, kisha mtwange. Unga huo ni kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto, pamoja na karanga zilizopondwa. Hatuchanganyi nafaka saba kwenye mashine na kuuita uji wa lishe. Nafaka moja inatosha, vingine viongezwe chunguni.

Nne, vyombo. Hili ni letu sisi wa ukanda wa dhahabu. Karai lililoshika zebaki lisiingie jikoni hata liking'aa namna gani, wala dhahabu isichomwe kwenye jiko la kupikia. Moshi wa zebaki unaharibu ubongo, na aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Tumeliweka kwenye katiba yetu. Anayefanya kazi ya mwalo anabadili nguo na kunawa kabla ya kushika mtoto au mwiko.

MLO WA SIKU YENYE SENTI HABA

Asubuhi, michembe iliyopikwa kwa karanga, au uji wa mtama wenye ukwaju. Mchana, ugali wa mtama au dona, nsansa ya karanga, na dagaa kiasi cha kiganja. Jioni, choroko zilizoungwa kwa kitunguu na nyanya, na viazi lishe. Tunda ni papai la uani au embe la msimu. Mafuta ni kijiko, si kikombe.

Na chakula kiwe kitamu, jamani, tusijifanye wagonjwa. Nsansa inataka kulowekwa, kupikwa taratibu, na karanga ziingie mwishoni bila kufunikwa, usije ukamwaga. Siku ya kuvunja mfuko kila mmoja huja na chungu chake. Pilau hupikwa pia, lakini kila mwaka chungu cha nsansa ndicho kinachokwanguliwa kwanza. Na wenzetu wawili wa mama ntilie sasa wanauza michembe na chai asubuhi, na wachimba wanaimaliza kabla ya saa tatu.

NENO LA MWISHO

Njia hii ya kuweka hisa na kugawana ilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, nasi tunawashukuru. Lakini kuweka akiba wenyewe tulikujua. Kihenge kilikuwa benki, na bibi ndiye aliyeshika ufunguo. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, kibaba hicho kilikuwa cha nafaka.

Dhahabu itakwisha siku moja, na mgodi utafungwa kama ulivyofungwa ule wa mwaka 1966. Mabinti zetu wasije wakabaki na mashimo, na watoto waliodumaa, na hawajui kuanika kunde. Kwa hiyo tunawaomba wanachama wote: mwaka huu wa kumi na moja, kila mmoja amfundishe msichana mmoja, na mvulana pia kama yupo, kuanika nsansa tangu shambani hadi chunguni. Ada yake ni bure.

Umoja ni nguvu, na nguvu hutoka kwenye chungu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote