Meza moja na nusu

Kimya changu kina sababu: tumehama. Waandishi watatu tumepata chumba hapa Chake Chake, juu ya duka la vitambaa, chenye nafasi ya meza moja na nusu. Ile nusu ni ya chai. Sasa tunatafuta kompyuta ya mezani, ndogo, na mabishano yametufikisha kwenye historia.

Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hiyo haikuwa ya kuweka mezani, ilitengewa chumba. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Cheka ukitaka, lakini fikiria: mashine ilikuwa kubwa na ghali kiasi kwamba mwenye uwezo wa kuwa nayo ni serikali. Ikishaichoka, basi tena.

Udogo ndio uliotukomboa. IBM PC ya 1981 ilikaa mezani. Mac mini ya 2005 ilikuwa na upana wa sentimita 16.5 na kimo cha 5 tu. Mwaka 2012 Lenovo wakatoa ThinkCentre Tiny kwa ajili ya maofisi, na wengine wakafuata. Maofisi ya Ulaya yakizichoka, sisi tunazipata za mtumba.

Ila Pemba tuna kipimo chetu. Unguja ilipata kebo ya umeme ya chini ya bahari kutoka bara mwaka 1980. Sisi tuliendelea na majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, ilipofika kebo kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, kwa msaada wa Norway. Miaka 30 jamani! Boksi la zamani na monita yake ya chogo viliweza kula zaidi ya wati 100. Umeme ukikatika, UPS inalia kabla hujamaliza kuseva. Kompyuta hizi ndogo, ukiandika habari tu, hazifiki hata wati 20. Kwa hiyo hapa udogo si urembo, ni kumaliza habari yako.

Mwenzetu mmoja anasema, "Si tununue laptop tu?" Hapana. Laptop huondoka na mtu. Mwenzetu aliyepata kazi Dar aliondoka na picha zetu za miaka miwili, wala hakuwa na nia mbaya. Kompyuta ya mezani inabaki, na habari za kisiwa zinabaki nayo.

Tumeamua: ya mtumba, yenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa sababu Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025 na Windows 11 inazikataa nyingi za nyuma ya hapo. Iwe inafunguka kwa bisibisi, RAM na diski zibadilishwe na fundi wa hapa hapa. Mac mini za sasa ni nzuri, lakini RAM yake huwezi kuiongeza.

Itakuja na boti kutoka Unguja mpaka Mkoani, nimeipakata mwenyewe. Kutoka chumba cha Wizara mpaka mapajani mwa mwandishi, zaidi ya miaka 60.

Mnaotetea laptop, uwanja ni wenu. Naomba kuwakilisha.