Unataka Tuk-tuk Mombasa? Soma Hii Kabla Utoe Doh

Simama Fort Jesus dakika kumi tu, uhesabu tuk-tuk zinazoingia na kutoka Ndia Kuu. Kwa msee anayetaka kujiajiri hapa kisiwani, hiyo ndiyo biashara ya kwanza anayowazia. Shida ni kwamba pesa ya kuinunua huwa si yake peke yake: kuna ya chama, ya mamake, na ya broo aliye Gulf. Ukiuziwa mbuzi kwa gunia, mmelia wote.

Mpya ama iliyotumika?

Iwe Bajaj, TVS ama Piaggio, mpya inakuja na waranti, lakini wengi huchukua kwa mkopo. Hapo usiangalie malipo ya wiki, angalia jumla. Mfano: tuk-tuk ya 500,000, unatanguliza 100,000, kisha 5,500 kila wiki kwa wiki 104. Hizo wiki pekee ni 572,000. Jumla umelipa 672,000, yaani 172,000 juu. Uliza pia: ukilipa mapema wanakukatia? Ukikosa wiki mbili wanakuja kuichukua?

Iliyotumika ni rahisi, ila hujui imepitia nini.

Chimba rekodi kwanza

Kabla ya kutaja bei, chukua namba ya usajili (zile za KTW) uombe rekodi ya NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenyewe lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama kuna deni, jina la benki ama kampuni ya mkopo litakuwa hapo. Tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, kuna pia rejista ya serikali ya mali zilizowekewa mikopo. Itafute humo. Kisha linganisha namba ya chesi na injini na zilizo kwenye logibuku, kwa macho yako mwenyewe.

Nenda na fundi wako

Si fundi wa muuzaji. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta tayari imepashwa moto, jiulize kwa nini. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Inua mkeka ukague chini, maana chumvi ya bahari hula chuma polepole na rangi mpya huficha mengi. Halafu ijaribu na abiria watatu kwenye mlima, si kwa lami tambarare ukiwa peke yako.

Sasa ongea bei

Uliza bei kwa watu watatu tofauti kwanza. Kisha usiseme tu "nipunguzie." Sema kwa hesabu. Tuseme anataka 280,000 na fundi wako amepata matairi, breki na klachi za 35,000. Mwambie: "Shekhe, chombo nimekipenda, lakini nikitoka hapa natumia 35 nyingine." Anza 230,000, mkutane 245,000 hivi. Ukishataja bei, nyamaza. Wacha aongee yeye.

Kama kuna dalali, uliza mapema kamisheni yake inalipwa na nani, la sivyo itapandishwa juu yako kimyakimya. Na ukisikia "kuna mtu anakuja saa tisa na keshi," mwache aje. Tuk-tuk si ya mwisho Mombasa.

Kulipa

Usitoe hata deposi kabla rekodi haijatoka. Andikeni makubaliano kwa wakili, kila mtu na kopi ya kitambulisho na PIN ya KRA. Lipa kwa benki ama M-Pesa ili kuwe na ushahidi. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen mkiwa pamoja, nawe uukubali kwenye yako. Sheria ya trafiki inataka umiliki ubadilishwe ndani ya siku 14, kwa hivyo ile ya "tutabadilisha mwezi ujao" ikatae.

Bei nzuri bila jina lako kwenye logibuku si bei nzuri. Wewe bado ni dereva wa mtu, tofauti ni kwamba umemlipa akuajiri. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.