Kabla Uuze Ng'ombe Ununue Koili, Soma Hii Historia

Wasee, hebu tuongee. Binamu yangu kule Kakamega ana detekta ya mtumba ya kutafuta dhahabu. Miezi mitatu sasa, ameokota misumari na vifuniko vya soda tu. Amejiambia shida ni koili, lile sahani la mbele linalopita juu ya udongo. Anataka kuuza mtamba wake, wa pekee, anunue koili ya kampuni nyingine, inchi 18. Ati ikiwa kubwa, dhahabu haina pa kujificha.

Nikamwambia: ngoja kwanza nikupe stori.

Julai 1881, Rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi jijini Washington. Risasi moja ikabaki mwilini na madaktari hawakujua iko wapi. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaunda kifaa cha koili za waya ambacho kingetoa sauti kikipita karibu na metali. Alikijaribu kwanza, kikafanya kazi poa. Kufika kwa rais, kelele tupu. Kumbe kitanda kilikuwa na springi za chuma! Tena daktari mkuu alimruhusu apime upande wa kulia pekee, kwa sababu aliamini risasi iko huko. Ilikuwa kushoto. Garfield akafa Septemba.

Mnaona? Koili ya Bell haikuwa mbovu. Ilitafuta mahali si penyewe, na chini yake kulikuwa na chuma ambacho hakuna aliyekifikiria.

Sasa twende Australia, jimbo la Victoria. Mwaka 1980, jamaa mmoja na detekta yake aliokota pande la dhahabu la kilo 27 hivi, likaitwa Hand of Faith. Lilikuwa chini kama futi moja tu. Watu wakafurika na mashine. Lakini udongo wa huko una madini mengi ya chuma, na detekta za wakati huo zilikuwa zinapiga kelele ovyo, kama ya Bell juu ya springi. Mwaka 1995 kampuni ya Minelab ya huko huko ikatoa SD2000, mashine inayotuma mapigo ya umeme na kusikiliza kinachorudi. Hiyo iliweza ule udongo. Na watafutaji wakagundua koili moja haitoshi kila mahali, ndiyo kampuni kama Coiltek na Nugget Finder zikapata biashara ya kuuza koili za kubadilisha.

Walichojifunza ni hiki. Koili kubwa inaenda chini zaidi kwa pande kubwa, na inafagia eneo kubwa. Lakini inasikia udongo mwingi kwa wakati mmoja, ni nzito mkononi, na vipande vidogo inaviruka. Koili ndogo haiendi mbali chini, lakini kipande kama punje ya mchele inaweza kukisikia, na kwenye takataka nyingi inatenganisha vizuri. Halafu kuna mono, ambayo waya ule ule unatuma na kupokea: iko na nguvu kwa udongo mtulivu. DD ina waya mbili zinazopandana katikati, na hutulia zaidi kwa udongo wenye chuma, hata kama utapoteza kina kidogo. Na si kila koili inaingia kila mashine. Plagi ikikubali, bado si hoja. Lazima iwe imetengenezewa modeli yako.

Turudi kwa binamu. Wachimbaji wengi wa kwao husaga mawe ndipo wapate dhahabu, kwa sababu imejificha kwenye mwamba kama unga. Unga huo hata koili ya inchi 18 haiusikii. Anatafuta mapande makubwa mahali ambapo hajawahi kuona hata dogo. Huo ndio upande wa kulia wa Garfield.

Nimemshauri aazime koili ndogo, azike kipande kidogo cha risasi ya kuvulia samaki kwenye udongo wake mwenyewe, apime anakisikia kwa kina gani. Hiyo haigharimu ng'ombe. Akishajua udongo wake unasema nini, ndipo aongee na muuzaji.

Mtamba bado uko zizini, nimeuliza jana. Wewe ungeuza?