TEKNOLOJIA: Anayenunua kichakataji cha kuhariri video aangalie kamera kwanza

Vijana wengi wanaopiga video za harusi, mazishi na nyimbo za injili humaliza akiba yao kwa kununua kamera, kisha wakagundua kuwa tarakilishi waliyo nayo haiwezi kuonyesha video hizo bila kukwama. Aghalabu tatizo huwa ni kichakataji, yaani prosesa, kilichonunuliwa kwa kufuata jina lililobandikwa kwenye mashine.

Jina hilo hupotosha. Muuzaji wa vipakatalishi vya mtumba hunadi "i7", naye mnunuzi akadhani amepata kilicho bora kuliko "i5". Ukweli ni kuwa Intel Core i7-7500U, kilichotolewa 2016, kina viini viwili pekee ilhali i5-8250U cha mwaka uliofuata kina vinne. Tarakimu za baada ya kistari ndizo za kusomwa, maadamu hutaja kizazi: 7500 ni cha saba, 8250 cha nane, 12400 cha kumi na mbili. Herufi U nayo huashiria kichakataji kinachobania umeme, na ambacho hupunguza kasi kazi nzito inapodumu. H ni chenye nguvu zaidi.

Hata hivyo, wingi wa viini si hoja kuu. Kamera na simu nyingi huhifadhi video kwa mtindo wa H.264, uliokamilishwa 2003, au H.265 wa 2013. Ili faili iwe ndogo, mitindo hii haihifadhi kila fremu kikamilifu bali huandika zaidi kile kilichobadilika. Mhariri anaporukia katikati ya video, sharti fremu kadhaa za kabla, na pengine za baada, zikokotolewe ndipo ile moja ionekane. Fremu ya 4K ina pikseli takriban milioni 8.3; kwa fremu 25 kila sekunde, hizo ni zaidi ya milioni 200. Na hapo ni kamera moja tu.

Ndiposa watengenezaji huweka sehemu mahsusi ya kufungua video. Intel iliianzisha 2011 kwa jina Quick Sync. Kwa kuwa imo katika kitengo cha michoro, vichakataji vyenye herufi F mwishoni, mathalani i5-12400F, havina. Bei yake hushawishi, lakini mhariri hana budi kuviepuka asipokuwa na kadi nzuri ya michoro.

Kamera kama Sony A7 IV ya 2021 huweza kurekodi H.265 ya biti 10 aina ya 4:2:2, inayohifadhi rangi kwa ukamilifu zaidi. Hapa ndipo wengi hukwama. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha 11 na kuendelea vyenye kitengo cha michoro huifungua bila taabu, sawa na vya Apple tangu M1 ya 2020. AMD Ryzen 7000 za 2022, licha ya uhodari wake katika kazi nyingine, hazina sehemu ya kufungua aina hiyo. Aliye nazo anaweza kuongeza kadi ya NVIDIA ya RTX 50, zilizotoka 2025.

Anayenunua tarakilishi ya mezani iliyotumika, ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, ana jambo jingine la kuuliza. Baadhi ya vichakataji hivyo vilikuwa vikiharibika kwa kupokea volteji kupita kiasi, na mnamo Agosti 2024 Intel ilianza kusambaza marekebisho kupitia programu ya BIOS. Marekebisho huzuia uharibifu. Hayaponyi kilichokwisha kuharibika.

Kwa 4K, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 32 inafaa.

Asiyemudu mashine mpya anaweza kutumia Premiere Pro au DaVinci Resolve kuunda nakala nyepesi za video, akahariri hizo, kisha programu ikarejelea faili halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Anayenunua naye abebe faili ya kamera yake mwenyewe katika diski mweko, aifungue dukani kwa programu anayotumia, na airukie huku na kule kabla ya kulipa.