Udongo mdomoni: albamu iliyonyamazishwa

Leo tuache kidogo stori za test na boom, twende Italia mwaka 1971. Ukiwauliza wapenzi wa roki ya kule ya miaka ile watakutajia PFM, Banco na Le Orme. I Giganti hawatajwi kabisa, na mimi naona wameonewa.

Hawa walikuwa jamaa wanne wa Milano, mastaa kweli. Mwaka 1967 walishika nafasi ya tatu kwenye tamasha la Sanremo kwa "Proposta", wimbo wa kupinga vita. Wangeweza kuendelea na nyimbo nyepesi za dakika tatu wakala maisha.

Badala yake 1971 wakatoa Terra in bocca, maana yake udongo mdomoni. Ni hadithi moja mwanzo mpaka mwisho, nyimbo zimeungana, vinanda na magitaa yanapishana na sauti za kupangana. Studio walisaidiwa na Vince Tempera kwenye kinanda na Ares Tavolazzi kwenye besi, yule aliyekuja kupiga na Area. Hadithi yenyewe ni ya Sicilia: watu hawana maji, Mafia ndio wameyashika, na kijana anauawa kwa ajili hiyo. Sisi tunaopandisha ndoo ghorofa ya nne hatuhitaji kuelezwa kwamba mwenye bomba ndiye bosi.

Utasema mbona kawaida? Si kwa wakati ule. Septemba 1970 mwandishi wa habari Mauro De Mauro alitoweka Palermo, asionekane tena. Mei 1971 mwendesha mashtaka mkuu wa mji huohuo, Pietro Scaglione, akauawa kwa risasi. Halafu redio ilikuwa ya RAI peke yake. Stesheni binafsi za mikoani ziliruhusiwa na mahakama mwaka 1976. RAI wakaiwekea ngumu albamu. Usipopigwa RAI, nani atajua upo? Haikuuza, na haikuchukua muda kundi likasambaratika.

Wasisilia wana neno omertà: umeona, umesikia, unanyamaza. Albamu iliyoimba juu ya ukimya huo ikafanyiwa ukimya uleule, tena na watu wa ofisini wenye tai, wasio na bunduki. Ndiyo maana nasema haikusahaulika, ilisahaulishwa. Baadaye imetolewa upya kwenye CD, na 2009 kikatoka kitabu kizima juu yake.

Mkiipata, isikilizeni yote bila kuruka. Halafu nipeni maoni.