Mwaka wa Mume na Mke, Kutoka Msalato Hadi Siu

Msalato iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, kwenye barabara iendayo Kondoa na Arusha. Watu wa mjini wanaijua kwa mnada wake wa Jumamosi, mbuzi na nyama choma, na siku hizi kwa uwanja mpya wa ndege. Lakini pale pale kuna utanzu wa maandishi ambao wenyeji wengi hawajawahi kuusoma. Chuo cha theolojia cha Waanglikana kimepokea walimu kutoka Australia, Uingereza na Marekani, wengi wao mume na mke, na mwaka ukielekea ukingoni watu wa namna hiyo huwaandikia jamaa na makanisa ya kwao jinsi walivyouishi: watoto wamefika darasa gani, bustani imezaa nini, mume ameanza kujifunza zeze, mke amewahesabu ndege wa mbuyuni.

Desturi hiyo ni kongwe kuliko chuo chenyewe. Chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilichofungua kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, kiliwataka wamisionari wake wapeleke London barua ya kila mwaka, na sehemu za barua hizo zilichapwa ili zisomwe na wachangiaji. Ukilijua hilo, barua ya leo unaisoma kwa jicho jingine. Nyumba inayosimuliwa inasimuliwa mbele ya wanaoilisha. Lazima ionekane na furaha, ila isionekane na anasa. Shida ziwepo, ila ziwe za kuchekesha, kama tanki la maji lililokauka au nyoka aliyeingia jikoni. Nafsi inayosema ni “sisi” tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi hiyo haigombani.

Nimeilinganisha barua hiyo na maandishi yetu ya Kiswahili nikidhani nitakuta kinyume chake, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki na yeye mwenyewe akiugua, akamtungia binti yake wosia. Ndani yake mna nyumba, mna mume na mke, mna hata mambo madogo ya chumbani: mume asiamshwe kwa kelele, apepewe, anyolewe ndevu. Kisichokuwamo ni mwaka. Hakuna kilichotokea siku fulani. Utendi unauchukua mwenendo wa nyumba na kuuondolea tarehe, ili binti autumie popote atakapoolewa.

Hata hivyo, anapofika kwenye ndoa yake mwenyewe, Mwana Kupona anasema waliishi kwa furaha bila kuvunjiana heshima. Basi ile “sisi” isiyogombana ya Msalato iko Siu pia. Tofauti ni msomaji: mmoja anawaandikia wafadhili, mwingine anamwandikia binti ambaye kesho atakuwa katika nyumba ya mtu. Wote wawili wana sababu nzuri ya kunyamaza. Mimi ninamwamini Mwana Kupona zaidi kidogo, kwa kuwa hakuwa na cha kupata. Lakini pengine huo ni upendeleo tu wa msomaji wa Kiswahili.

Shaaban Robert anatuvusha kutoka hapo. Huyu alifanya kazi serikalini, na kazi ilimpeleka hadi Mpwapwa, katika idara ya mifugo, mashariki tu ya Dodoma. Katika tawasifu yake, Maisha Yangu, anasimulia ndoa yake na Amina, kifo cha Amina, na malezi ya watoto. Na humo humo anawatungia watoto wake tenzi mbili, Adili kwa mwana wa kiume na Hati kwa binti. Yaani bado yumo katika njia ya Mwana Kupona: habari ya nyumba haijatosha mpaka igeuzwe mawaidha. Lakini kuna Shaaban Robert mwingine, yule wa barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Hapo msomaji ni mmoja, na ni ndugu. Hakuna wa kuvutiwa wala wa kufundishwa, na kwa sababu hiyo nyumba inapumua: kazi, afya, fedha, vitabu vinavyohangaikiwa, vyote vinaingia bila kupangwa. Kama ningetakiwa kuchagua maandishi ya Kiswahili yaliyo karibu zaidi na barua ya mwaka ya Msalato, ningechagua hizo, halafu ningesema zinaizidi. Zinaizidi kwa sababu zimeandikwa mara nyingi. Anayeandika mara moja kwa mwaka tayari anajua mwaka uliishaje, na hiyo ni nafasi kubwa mno ya kupamba.

Jambo moja nalikubali upande wa wageni: wao hawaoni haya kuandika wanachokipenda. Ndege, baiskeli, kushona, keki iliyoungua. Katika maandishi yetu ya nyumbani starehe ya mtu mzima mara nyingi hupita mlango wa nyuma, kana kwamba mke mwenye bustani ya maua asiyouza ni mzembe.

Na Wagogo wenyewe, wenye nchi? Mwaka wa Ugogo haukatwi na Desemba. Desemba ndiyo inaufungua. Kifuku, yaani majira ya mvua, huanza hapo na kukoma Aprili hivi, na mvua yake mara nyingi haifiki milimita 600. Mtu anayelima uwele na mtama hawezi kuusimulia mwaka wakati mvua inaanza, kwani hajui kama utakuwa mwaka. Masimulizi huja baada ya mavuno, na huja kwa ngoma na zeze zaidi ya karatasi. Mwaka mbaya hupewa jina, kama Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia kuchota chakula, ng’ombe na watu. Jina hilo moja limebeba habari za maelfu ya kaya ambazo hakuna aliyeziandika moja moja.

Walioandika waliandika ukoo. Mathias Mnyampala alitoa historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Baadaye mwalimu mstaafu Ernest Musa Kongola akaandika kwa Kiswahili mabuku kadhaa ya historia ya koo. Katika maandishi ya namna hiyo mume na mke wawili peke yao ni kitu kidogo mno kujitegemea; wanaonekana pale mahari ya ng’ombe inapohama kutoka boma moja kwenda jingine. Tembe la Kigogo lenyewe, lililouzunguka ua, lilijengwa kwa hesabu ya watu wengi na mifugo yao.

Kuhusu kunyamaza, Wajapani wana namna inayonivutia. Mwaka mpya nyumba nyingi hutuma kadi fupi za salamu. Iliyofiwa haitumi, bali hutanguliza kadi nyingine kuarifu kwamba mwaka huu wako msibani. Kimya chao kinatangazwa. Barua ya Msalato haina nafasi ya namna hiyo, na Mwana Kupona aliutunga utendi mzima ndani ya msiba bila kuufanya mada.

Siku hizi ukitaka kuusoma mwaka wa familia ya Msalato, ya mwalimu wa sekondari tuseme, aliyeoa mwenye duka, fungua kundi la WhatsApp la ukoo. Utakuta orodha za michango: harusi, msiba, ada, matibabu, kila jina na ahadi yake, aliyetoa taslimu na anayeendelea kukumbushwa. Hakuna ndege wala bustani humo, lakini fedha ambazo barua ya mgeni inazifunika zimewekwa wazi, na kugombana kumo. Mume na mke nao wamo, kwenye kadi ya mchango, wameandikwa “Bw. na Bi.” na kufuatiwa na jina la mume peke yake, hata pale ambapo hela zimetoka dukani kwa mke.