Gesi Isiyouzwa Tena: Kiyoyozi cha Gari Kuukuu na Mkataba wa Montreal mjini Bujumbura

Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Gari likiharibika hapa Bujumbura, mwenye nalo mara nyingi huambiwa alipeleke huko. Mwaka jana nilimsindikiza baba mdogo na Corolla yake ya mwaka 1988, ambayo kiyoyozi chake, au klima kama tunavyosema mjini, kilikuwa kinatoa hewa ya moto. Fundi alifungua boneti, akasoma kibandiko kilichochakaa, akasema: "Mzee, hii ni ya gesi ya zamani. Gesi hiyo haiuzwi tena." Insha hii inaeleza kwa nini haiuzwi. Inadai pia kwamba, kwa upande wa magari kuukuu, Mkataba wa Montreal ulitekelezwa na mafundi na wenye magari, watu ambao historia ya mkataba huo haiwataji.

Gesi hiyo ni R-12. Ilibuniwa Marekani mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake, waliokuwa wakiifanyia kazi kampuni ya General Motors. Wakati huo majokofu yalitumia gesi kama amonia, ambazo zikivuja ziliweza kuua watu. R-12 haikuwaka moto wala haikuwa sumu, hivyo ilipokelewa kama suluhisho. Kampuni ya Packard ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi mwishoni mwa miaka ya 1930, gesi ya kuaminika ilikwisha kupatikana. Kwa zaidi ya miaka 50 viyoyozi vya magari viliitegemea.

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba uthabiti uleule uliosifiwa ndio uliokuwa hatari. Gesi hiyo haioozi hewani. Hupanda hadi juu sana, ikavunjwa na miale ya jua na kutoa klorini inayoharibu ozoni, tabaka linalotukinga na miale hiyo. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kupungua kukubwa kwa ozoni juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987, Mkataba wa Montreal ukatiwa saini.

Mkataba huo haukupiga marufuku gari lolote. Ulibana utengenezaji na biashara ya gesi yenyewe. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea kufikia tarehe 1 Januari 2010. Burundi ilijiunga mwaka 1997, katikati ya vita na vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na majirani baada ya mapinduzi ya Julai 1996. Magari ya zamani yaliendelea kutembea, lakini mitungi ya kuyajazia ilikuwa inatoweka sokoni. Kwa hiyo sheria ilimfikia mwenye gari siku kiyoyozi chake kilipovuja.

Siku hiyo huwa na njia mbili, na baba mdogo alizipitia zote. Kabla ya kufika kwa fundi huyu, gereji nyingine ilikuwa imemjazia gesi mpya, R-134a, bila kubadilisha kitu kingine. Kosa liko kwenye mafuta. Kompresa ya R-12 hulainishwa kwa mafuta ya madini, nayo R-134a haichanganyiki nayo. Gesi huzunguka, mafuta hubaki nyuma, kompresa hukauka na kukwama. Ya baba mdogo ilikwama baada ya wiki chache, na fedha zake zikapotea.

Fundi wa Buyenzi alianza upya. Alisafisha mabomba, akafunga kompresa nyingine yenye mafuta yanayofaa, akabadilisha mipira ya kuzibia na kikaushio, akaweka viungio vipya vya kujazia. Kisha alifyonza hewa na unyevu wote kwa pampu. Mwisho alijaza gesi kwa kuipima kwenye mizani, kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani, kwa sababu R-134a ikizidi, shinikizo hupanda mno.

Mkataba ulikuwa na mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea, kwa mfano kufundisha mafundi na maofisa wa forodha. Lakini kompresa ya baba mdogo haikulipwa na mfuko wowote. Ozoni inalindwa kwa faida ya dunia nzima, ilhali gharama ya sehemu hii ndogo ililipwa Buyenzi, kwa fedha taslimu.

Wala hadithi haijaisha. R-134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia takriban mara 1,430 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Kwa sababu hiyo, tarehe 15 Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii yake pia. Magari mengi tunayoyaona leo Bujumbura yakipoza kwa R-134a yatafika siku moja pale ilipofika Corolla ya 1988.

Kwa kumalizia, historia ya Mkataba wa Montreal huandikwa kwa tarehe za saini, na kwa kweli ulifanikiwa. Hata hivyo saini haijazi gesi. Kati ya mwaka 1987 na kiyoyozi kinachopoza kuna fundi anayejua kwa nini mafuta hubadilishwa, na mwenye gari anayeweza kumlipa. Tukiwasahau wakati wa zamu ya Kigali, mitungi itaisha tena, na makosa ya zamani yatarudiwa kwa gesi mpya.